Jedwali la Profesa Zadock

Chama cha wahadhiri kilipomkabidhi Profesa Zadock Opiyo kazi ya kulinganisha mishahara ya walimu wa vyuo vikuu katika nchi mbalimbali, hakuna aliyeshangaa. Mtu aliyepima maji ya ziwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kina chake, joto lake na uchafu wake, atashindwaje kupima mishahara? Mgomo ulikuwa umeingia mwezi wa pili. Buibui walikuwa wamehamia madarasani, wanafunzi wamerudi makwao, na serikali imetia pamba masikioni. Gordon, katibu wa chama, alisema kelele za barabarani zimetosha, sasa zinatakiwa tarakimu.

"Tukienda Nairobi na jedwali lako, Prof," alisema, "hao watu watakosa pa kujificha."

Zadock alikubali hapo hapo, wala si kwa faida yake. Yeye mwenyewe alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Shamba lake lilikuwa likimngoja kijijini Pap Onditi, na mkewe alikwisha kumwambia kwamba ng'ombe hawajali mtu ana shahada ngapi. Alikubali kwa ajili ya Debra.

Debra Wakhungu alikuwa mwanafunzi wake tangu shahada ya kwanza hadi ya uzamifu. Baba yake alitoka Bungoma kuja Kisumu kutafuta kazi, akaipata, akafa nayo. Mama yake aliuza nguo za mitumba soko la Kibuye, na kwa nguo hizo za watu wengine akamsomesha binti yake hadi mwisho wa kusoma. Sasa Debra alifundisha chuoni kama mhadhiri wa muda, yaani mtu anayelipwa kwa kila somo analofundisha, siku chuo kikikumbuka. Wenzake wote walioanza naye kazi ya ziwa walikuwa wamehamia kwenye mashirika yenye magari meupe. Amebaki yeye. Zadock akiondoka na Debra akakosa ajira ya kudumu, yale maji aliyoyapima maisha yake yote yangebaki bila mtu wa kuyaangalia, na hilo lilimnyima raha hata mezani. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mishahara ikipanda, nafasi zitafunguliwa, Debra ataajiriwa, na ziwa litakuwa na mwenyewe. Alimpenda binti huyo kama mwanawe wa kumzaa. Ndiyo maana alimwita aje amsaidie kuandika.

Walifanyia kazi ofisini kwa profesa, madirisha yakiwa wazi kwa sababu umeme ulikuwa umekatwa. Zadock hakutaka kusikia habari za dola.

"Dola hailiwi," alisema. "Geuza kila mshahara uwe chakula na nyumba."

Basi mhadhiri wa Kampala, wa Kigali, wa Dar es Salaam, wa Windhoek, wa Johannesburg, hata wa Oslo, kila mmoja alilipishwa kodi ya nyumba ya vyumba viwili, akanunuliwa unga, mafuta, gesi na samaki, akalipishwa karo ya mtoto mmoja, kisha ikatazamwa amebaki na nini mfukoni. Ubishi ulizuka juu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kuwa nchi nyingi hazina. Debra alipendekeza samaki wa kopo. Profesa alikasirika kabisa, akasema samaki wa kopo si samaki, ni kopo. Mwishowe waliandika kuku. Yule wa Oslo alibakiwa na fedha nyingi, ingawa Zadock alishikilia kwamba baridi ile nayo ingepaswa kuhesabiwa kama gharama. Yule wa Kisumu alifika katikati ya mwezi akihema.

Lakini bei za kweli hazipatikani vitabuni, ziko kwa wanaozilipa. Kwa hiyo Debra ndiye aliyepewa kazi ya kuwapigia simu wanafunzi wa zamani waliotawanyika kote duniani, awaulize kodi, unga na shule. Profesa hakuona hatari yoyote hapo. Mtu mwenye akili timamu angeiona, kwa maana huwezi kuuliza kodi ya nyumba katika mji mmoja mara tatu bila kuanza kuitundikia mapazia.

Mji huo ulikuwa Windhoek, na mtu wa huko alikuwa Waswa, aliyesoma darasa moja na Debra. Waliongea naye kwa spika ili profesa asikie.

"Na michango je?" Debra alimwuliza, kwa sababu jedwali la mtu wa magharibi mwa Kenya lisilo na matanga na harambee ni uongo mtupu. "Kwa mwezi unachangia matanga mangapi?"

Waswa alicheka sana. "Hakuna! Tangu nikuje huku hakuna mtu amenigongea mlango na kadi ya mchango." Kisha kicheko kikamwisha. "Hakuna mtu hunigongea kabisa, Debra."

Zadock aliinama juu ya karatasi, akasema safu hiyo ifutwe. "Hayo si matumizi. Hao ni watu." Debra akafuta.

"Lakini skiza," Waswa aliendelea, "hapa wanatafuta mtu wa mambo ya maji. Kazi ya kudumu. Nikutumie tangazo?"

"Mwambie ziwa halihami!" Zadock alidakia kwa furaha, akacheka mpaka akakohoa. Debra hakucheka. Alimshukuru Waswa, akamwambia atume tu.

Siku jedwali liliposomwa ukumbini, watu walisimama hadi kwenye ngazi. Dakta Safia wa idara ya lugha aliutazama mstari wa Kenya, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la kioo. Mzee mmoja wa historia alisema kwa sauti kwamba kumbe hata Uganda. Hakumaliza, wala hakuhitaji kumaliza. Walimpigia Zadock makofi mpaka akaona haya, naye akamtaka Debra asimame, akasema bila binti huyu kazi isingekamilika. Debra alisimama, akapigiwa makofi, akaketi.

Gordon akalibeba jedwali Nairobi. Vikao vikaenda, vikarudi, vikavunjika, vikaunganishwa. Hatimaye simu ya profesa ikalia, naye yuko nje ya ofisi anamwagilia ua lililokuwa likifa.

"Prof, tumewashinda!" Gordon alipiga kelele. "Tumesaini! Kila cheo kwenye jedwali lako kimeongezwa. Msaidizi, mhadhiri, mwandamizi, profesa, wote! Walikuwa wanasoma jedwali lako mstari kwa mstari."

"Mungu ni mwema," Zadock alisema. "Na hawa wa muda? Wataajiriwa lini?"

Gordon aliacha kupiga kelele.

"Wa muda?" Gordon aliuliza. "Prof, hao si hawakuwa kwa jedwali? Serikali ilisema itashughulikia vyeo vilivyoandikwa tu. Sisi tulibeba kile ulitupatia." Akashusha sauti. "Na chuo nacho kimesema nyongeza lazima itoke mahali. Kuanzia muhula ujao wanaachana na wa muda wote. Masomo yao tutagawana sisi. Lakini hayo tutayaongelea baadaye, Prof. Leo tufurahi."

Zadock aliingia ofisini, akalitandaza jedwali mezani. Akalisoma kama anavyolisoma mtu aliyefiwa tangazo la mazishi, polepole, akitumaini jina ni la mwingine. Nchi zote zilikuwepo. Vyeo vyote vilikuwepo. Bei ya kuku wa Oslo ilikuwepo. Alikuwa amechukua orodha rasmi ya mishahara ya Kenya, na mhadhiri wa muda hana mshahara, kwa hiyo hakuwamo. Lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba halikumgusa hata siku moja. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Debra alikuwepo, tena ndiye aliyeshika kalamu, na lake bado halikuwepo.

Jumamosi alasiri alikwenda kwa miguu nyumbani kwa kina Debra, mtaa wa Migosi. Alikuwa amejipangia la kusema. Angemwambia avumilie, kwamba atamfuata Gordon, atafuata mkuu wa chuo, atalala mlangoni kwa waziri ikibidi. Mama Debra alimkaribisha kwa heshima zote, akaondoa marobota ya nguo kwenye kiti ili Profesa apate pa kukaa, akaenda jikoni kupika chai. Debra aliketi mbele yake. Kwenye kona palikuwa na sanduku jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake.

"Windhoek," Zadock alisema.

"Wamenikubali, Prof. Wanataka nifike kabla ya mwezi kuisha."

Zadock alisema yote aliyojipangia. Aliongea habari za Gordon, za mkuu wa chuo, za waziri. Aliongea habari za ziwa, kina chake na joto lake. Alikuwa mzee sasa, na alijiona mzee.

"Prof," Debra alisema, "ukiniambia nibaki, nitabaki." Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yakimwomba kitu, na Zadock hakujua kama yanamwomba amzuie au amwachie.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Baki. Alilitaka neno hilo kuliko alivyopata kutaka kitu chochote tangu uzee umwingie. Lakini kuna jambo lililomwasha, akaona asipoliuliza hatapata usingizi tena.

"Wewe uliona lini kwamba hamumo?"

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza! Na hukuniambia? Si wewe ndiye ulikuwa unaandika, nyathina?" Alimwita hivyo kwa Kijaluo, mwanangu, kama alivyomwita siku zote.

Debra alitazama mikono yake. "Kila tukifika Kenya nilikuwa nakusomea vyeo vyote, kutoka profesa mpaka msaidizi. Nikifika wa mwisho nilikuwa nanyamaza kidogo. Nilikuwa nafikiria utaniuliza, 'Na wewe?'" Akainua macho. "Ulikuwa unasema, 'Haya, twende Uganda.'"

Zadock alikumbuka. Alikumbuka kila kimya, na alikumbuka kwamba alidhani binti amechoka, hata siku moja akamwagizia soda. Miaka yote hiyo amejisifu kwamba hakuna kinachompita. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kuinua kichwa, na chini ya aibu hiyo palikuwa na huzuni kubwa zaidi, kwa kuwa sasa alijua hana haki ya kulisema lile neno.

"Nenda," alisema. "Nenda, mwanangu. Usikae hapa hata muhula mmoja. Na ukifika huko, kabla hujafungua hilo sanduku, waulize wamekuandika kwenye orodha ipi."

Debra alipiga magoti, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akalia. Zadock alijikaza, akashindwa, akalia naye, bila kujificha.

Mama Debra aliingia na sinia ya chai, akawakuta hivyo.

"Jamani," akauliza, "nani amekufa?"