Koti la Mshona Kola

Nilivuta uzi mmoja tu, bega zima likafunguka.

Sikuwa nimeagizwa bega. Mwenye koti, mama mmoja mpima ardhi mwenye viatu vya vumbi, alileta vifungo viwili vilivyolegea, basi. Lakini mimi nilikaa miaka ishirini na miwili nikikagua nguo kiwandani, na jicho lililofundwa kutafuta kasoro halistaafu. Mabega ya koti lile jeusi yalikuwa mazito mno. Na mshono wake wa ndani ulikuwa wa mnyororo, ule unaoshikilia mwaka mzima, lakini ukiijulia ncha yake unateleza wote kwa pumzi moja. Nani anashona bega hivyo? Nikasema lazima nijue.

Leo duka letu lina miaka kumi na mmoja. Siku ile lilikuwa na miezi mitatu. Mke wangu alikuwa ameacha maabara ya meno bandia, kazi yenye koti jeupe na heshima zake. Mimi niliacha kiwanda siku waliyotaka nisaini kwamba marobota mabovu ya nguo ni mazima. Tukakodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, tukakijaza vitu vya zamani tulivyofufua na vipya tulivyotengeneza kwa mikono: saa, masanduku, vikapu, taa zilizozaliwa na mabirika. Mama mkwe alikuja siku ya kwanza, akazunguka chumba chote, akauliza kama binti yake alisomeshwa ili auze takataka zilizooshwa. Mke wangu akamjibu kwamba hata meno ya mama ni ya kutengenezwa, na mbona anayatafunia vizuri tu.

Kanuni ya duka ilikuwa yangu. Kila kitu kilifungwa kikaratasi kinachotaja kasoro zake zote, bila kuficha hata moja. Kilicholetwa kutengenezwa nacho kilipata chake: tumekuta nini, tumefanya nini. Nilikwisha kuchoshwa na watu wanaoficha.

Basi siku ile bega lilikuwa wazi mezani, na kilicholijaza ni vipande vya kitambaa vilivyokunjwa sawasawa kama barua. Nikapeleka kimoja dirishani. Kwenye upindo ulipita uzi wa buluu. Kitambaa kile hakikuuzwa dukani popote kwetu. Kilifumwa kiwandani mwetu, kikapanda meli. Ningekijua hata gizani, kwa kidole.

Nikakaa chini.

Maana mpima ardhi alipolileta koti alinitazama kwanza, akasema, "Wewe ndiye Kipaza." Jina hilo walinipa wenzangu, kwa kuwa sikuhitaji kipaza sauti. Akanieleza kuwa koti ni la marehemu mama yake, mshona kola, aliyefukuzwa kwa wizi wa vitambaa na kufa akikana. Ndugu wenyewe hawakumwamini. "Uliyemtetea ni wewe peke yako," akasema. "Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Kweli nilimtetea. Mimi huwa sisahau. Waliwapekua wanawake getini kila jioni, mikono ya walinzi ikipita isipopaswa kupita, na meneja aliyekuwa akijenga nyumba yake ya pili kwa saruji ya kiwanda akatuhubiria kwamba za mwizi ni arobaini. Nikapanda juu ya robota. Nikaapa mbele ya watu mia nne kwamba akipatikana mshonaji mwenye hata uzi mmoja wa kiwanda mwilini, wanikate ulimi. Walimfukuza hata hivyo, bila ushahidi, na hasira ya siku ile nimeilea kama mtoto. Mshona kola alisimama safu ya mbele, kichwa ameinamisha, mikono ameikunja. Nilidhani ni uchungu.

Alikuwa amevaa koti lile.

Mke wangu akatoka chumba cha nyuma, akaona meza, akanisikiliza mpaka mwisho. "Pilipili usiyoila yakuwashiani," akasema. Nikamwambia naweza kurudisha kila kitu, nishone, niandike vifungo viwili. Akakubali kwamba naweza. Ila nikifanya hivyo, akasema, nivichane na vile vikaratasi vingine vyote, na yeye atarudi kwenye meno, maana huko angalau kila mtu anajua ni bandia.

Mpima ardhi alikuja saa kumi. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaiacha. Nikamsogezea koti likiwa wazi, nikamwonyesha uzi wa buluu, nikamwambia unatoka wapi.

Alivigusa vile vipande kimoja kimoja. Nikangoja anitukane, au alie. Badala yake akaanza kuniuliza: bega lilijazwaje, mlinzi akipapasa angehisi nini, kulifungua kunachukua muda gani. Nikamjibu yote, na katikati nikajikuta naeleza kwa fahari kana kwamba nimebuni mimi. Hakuna mlinzi aliyewahi kupekua bega. Mikono yao ilikuwa na kwingine kwa kwenda. Jambo moja tu sikuweza kumjibu, na mpaka leo silijui: kwa nini mama yake hakuutoa begani mzigo wa mwisho.

"Tulikuwa na blanketi la vipande," akasema. "Alituambia kapewa na jirani, fundi cherehani." Akafikiri kidogo. "Yule jirani hakuwa na cherehani."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mpima ardhi. Mimi nilichelewa.

Halafu akanigeukia. "Ungejua, ungepanda juu ya lile robota?"

Nimeulizwa maswali na mameneja, na polisi, na mawakili wa kampuni, sikuwahi kukosa jibu. Hili nalo lilikuwa na jibu zuri, tamu, lenye mshindo, nami nikalihisi linapanda kooni. Nikalimeza.

"Nisingepanda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Ndiyo maana mama hakukuambia." Alisema bila hasira, kama mtu anayekutajia saa uliyomwuliza, huku akianza kuvikunja vile vipande, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata mikunjo yao ya zamani.