Karatasi Isiyoona Nyekundu

...na nisitikisike, sakafu hii ni ya mbao, nikitikisika ukuta nao utatikisika na picha itaharibika, lakini ni yeye, ni Omolo, mume wangu, ananing'inia pale ukutani kichwa chini miguu juu na suruali yake ya kaki, maana ndivyo chumba hiki kinavyofanya kazi, dirisha nimeliziba kwa kaveera nyeusi ya plastiki mara mbili nikaacha tundu moja kama punje ya mtama, na barabara nzima ya Kansanga inapenya hapo inakuja kumwagika ukutani imepinduka, maduka, boda, nguo zilizoanikwa, na katikati nimebandika karatasi ya picha inywe mwanga polepole, ndiyo kwanza imeanza kunywa, na yeye amejuaje niko hapa, nani kamwambia, Mungu wangu mwondoe, mwondoe tu, sauti yake inapanda kupitia mbao, "Adyero! Najua uko huko juu. Shuka tuongee kama watu wazima," kama watu wazima, ndivyo alivyosema na siku ile, kwa sauti hiyohiyo anayouzia saruji dukani kwake, nami nikakaa tuongee, nimetoka kupiga picha za harusi huko Port Bell, kamera bado shingoni, akauliza yule mwanaume uliyekuwa unacheka naye ni nani, nikasema ni bwana harusi, Omolo, bwana harusi hucheka, akaivuta kamera kwa mkanda wake na shingo yangu ikaifuata, halafu akanipiga nayo, pigo la kwanza nikasikia lenzi ikipasuka, la pili nikasikia kitu kingine kikivunjika nikadhani ni kamera tena, kumbe ni taya... hospitalini Mulago waliniunga kwa waya, meno ya juu yakafungwa na ya chini, nikanywa uji kwa mrija, na uji wenyewe aliuleta yeye, kila jioni, kwenye chupa ya chai, akalia, akanipangusa midomo kwa leso yake, wagonjwa wenzangu wakasema una bahati, nyabo, wanaume wa hivyo wamekwisha, na mimi sina kinywa cha kuwajibu... anasogea, ukutani anaelekea kwenye sigiri ya Latifah, Latifah mwenye nyumba, anayekaanga mandazi hapa chini mlangoni, aliyenipa chumba hiki bila kuniuliza kwa nini natafuna upande mmoja, "Mama, wewe ndiye umemficha mke wangu," na yeye, "Ssebo, mimi nauza mandazi. Huko juu hapana mtu anarara," usimwambie hivyo, Latifah, hapendi kudanganywa, anajua, ona bega lake limeshuka, ninalijua bega hilo likishuka... kofi, nimelisikia na kuliona pamoja, na kitambaa cha Latifah kimeruka kichwani, kofi la pili, ameanguka, mdomo wake una damu, naiona, doa jekundu dogo ukutani, na karatasi yangu haioni nyekundu, kwake damu ni giza tu, kivuli kama kivuli cha mti, nikiisafisha kwenye dawa ya picha nani atajua kwamba hii ilikuwa damu, wala mkono wenyewe hautakuwepo, kinachosogea hakiingii kwenye karatasi hii, boda hawaingii, watoto hawaingii, mkono unaopiga hauingii, kinabaki kilichotulia, aliyelala chini, ukuta... baba yangu alikuwa sajini, nimezaliwa kambini, Kiswahili nilinyonya huko, amri na matusi, na alipotaka kumpiga mama alituamrisha kwanza, "Nyuma geuka! Tazama ukuta!" nasi watoto tukageuka kwa mguu mmoja kama askari, tukatazama ukuta, tukasikia, sijui mama alionekanaje akipigwa, sikuwahi kumwona, nilimsikia tu... ninataka kumwua huyu, nasema sasa, ninataka kuweka kidole gumba juu ya kichwa chake kidogo pale ukutani nikibonyeze kipasuke kama chawa, ninataka kumpiga mpaka asahau jina la mama yake, nimwagie beseni zima la dawa machoni, nimfunge meno kwa waya kisha nimletee uji, nimpanguse, nilie... "Piga tena," nani huyo, ni Latifah, ameinuka, ameshika karai la mafuta kwa mikono yote miwili, moshi unashuka ukutani badala ya kupanda, "Wewe mwanaume? Piga tena. Piga, mimi namwaga," na Omolo, "Mama, weka hiyo chini," na hapigi, "Mama, tafadhali," sijawahi kumsikia akisema tafadhali, amerudi nyuma hatua na amesimama, mikono imeinuliwa kidogo, boda wamezima injini, hakuna anayesogea, barabara nzima imetulia na karatasi inakunywa yote, yeye, karai, wanaume waliofunga mikono wakitazama, hii itakuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na mikono ya Latifah inatetemeka, karai ni zito, vitambaa vya kulishikia ni vyembamba, naiona mikono ikitetemeka kwa ajili yangu, mimi niliyemjua juzijuzi tu, na mimi nimekaa gizani nabana pumzi nisiharibu picha, waya walizitoa zamani, taya lilipona zamani, daktari aliniambia fungua kinywa, mama, fungua kabisa, usiogope, nami nikafungua kidogo, nimeishi hivyo tangu siku hiyo, kwa kidogo... karatasi na iharibike, nimesimama, mbao zimelia, ukuta umetikisika, "Omolo!" loo, sauti gani hii, kubwa, ya sajini, na ukutani uso wake unalitafuta dirisha, unatafuta, hauoni kitu ila kaveera nyeusi, "Omolo, usimguse! Latifah, nashuka!" mkono wangu uko kwenye komeo, nalivuta, bado amesimama pale, bado mafuta yanafuka, na Latifah, bila kumwondolea macho, ananijibu kwa sauti ya chini kama mtu anayeagiza chumvi, "Kuja, nyabo. Kuja mbio, mikono nachoka."