Zamu ya Maji ya Ndugu Verlan

Lori la kwanza la zege lilipoingia uani kwangu kinyumenyume, likilia kama bata aliyekanyagwa, mwanangu Trell alikuwa na donati mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ndani ya simu kulikuwa na picha za nyumba za kupanga kule Arizona, karibu na dada yake.

"Tazama hii, Mama. Ina lifti."

"Lifti ya kunipeleka wapi? Peponi nitapanda ngazi."

Tulikuwa tumekubaliana siku ya Pasaka, mbele ya ndugu zake wote. Wao walitaka niuze nyumba. Mume wangu Wendell ametangulia, uani imebaki miti mitatu ya pichi iliyochoka, na wajukuu wakija wanakaa kidogo tu, wanauliza nywila ya intaneti, wanapiga miayo. Nikasema nipeni kiangazi kimoja. Nitajenga uwanja wa michezo hapa uani. Wajukuu wakija kucheza, nabaki. Uwanja ukinishinda, nauza, wala hamtasikia kilio. Trell akanipa mkono kwa upole wa mtu anayenunua ng'ombe mgonjwa.

Nikaupanga mwenyewe, kwenye meza ya jikoni. Niliuelekeza kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpofushe mtu. Mistari ya pikoboli, ule mchezo wa vibao na kijimpira chenye matundu, nilitaka iwe myeupe. Ya mpira wa kikapu, bluu, kwa wavulana wa Trell. Ya voliboli, njano, kwa wasichana. Na kwa kuwa pikoboli inalia tok-tok-tok mpaka meno yanauma, nilioka biskuti za chokoleti nikapita nyumba kwa nyumba, kuomba radhi kabla ya kosa. Mtaa mzima ulikula, mtaa mzima ukaridhia.

Nyumba moja niliiruka. Ndugu Verlan, anayekaa nyuma yangu ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mashamba, ni mzee wa miaka themanini na kitu, na kila mtu kanisani anajua hasikii. Nani anapoteza biskuti kumwomba radhi ya kelele mtu asiyesikia?

Asubuhi ile ya Julai wanaume wa kanisani walikuja na koleo na mabuti ya mpira. Huku kwetu ukimwaga zege hualiki mtu. Wanasikia lori, wanakuja, wanamaliza donati. Fundi wetu, Cody, aliwapanga kama kwaya. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na zege kwenye joto lile halimsubiri mtu: ukizubaa linaganda na makosa yako ndani, milele. Wakamwaga, wakavuta, wakasawazisha. Sehemu kubwa ya uwanja ilikuwa imekaa pale, kijivu na laini kama uji, nami nimeanza kumtazama Trell kwa jicho la ushindi, ndipo nikaona kitu kinang'aa nyuma ya mbao zinazolizuia zege pembeni.

Maji.

Mfereji ambao nilikuwa nimeuzoea mkavu ulikuwa umejaa. Na pale ambapo greda la Cody lilipita wiki iliyotangulia na kuukanyaga ukingo wake, maji yalikuwa yamepata mlango. Yalikuja bila haraka, yamebeba majani makavu, moja kwa moja kwenye zege langu.

"Nani kafungulia maji?" Trell akapiga kelele.

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Maji ya mfereji huku ni ya zamu, kila shamba na saa zake, na mfereji unapita nyuma yangu kwenda kwenye mahindi ya Ndugu Verlan. Zamu zote za mtaa alikuwa nazo Wendell kichwani. Tangu afe, mimi namwagilia maua kwa maji ya bomba, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mfereji ule una wenyewe.

"Yakipita chini ya mbao yatakula kokoto zilizobeba zege," Cody alisema, tayari yuko magotini anarundika udongo kwa mikono. "Ukingo wote wa uwanja utabaki hewani, halafu utavunjika. Na lori la pili limeshafika, mama."

Wanaume wakaanza kutupa udongo kwenye tundu. Maji yakaukumba.

Trell alikuwa ameshaanza kukimbilia barabarani, lilipo lango la mfereji. "Nateremsha ubao wa lango tu! Mzee hata hatajua!"

Nilimdaka shati. "Usiguse."

"Mama, zege linakufa!"

"Huku mtu akikuibia gari, Jumapili mnasalimiana. Ukimwibia maji kwenye zamu yake, wajukuu zake hawatawasalimia wajukuu zako. Usiguse!"

Alitazama wale wanaume ili wamsaidie. Kila mmoja aligundua jambo muhimu kwenye mpini wa koleo lake.

"Basi umeshachagua," Trell alisema polepole.

Nilivuka mfereji kwenye ubao, viatu vimejaa tope, nikamkuta Ndugu Verlan katikati ya mahindi yake, ameegemea koleo, anasubiri maji yake.

"NDUGU VERLAN!"

"Usinipigie kelele, Dada Renae. Mimi si kiziwi."

Nikashusha mikono niliyokuwa nimeizungushia mdomo.

"Kanisani nazima kifaa," akasema, akigusa sikio. "Umesikia yale mahubiri? Hapa nyumbani nakiwasha. Nimelisikia greda lako. Nimekusikia ukibisha kwa jirani yangu wa kulia, na ukibisha kwa jirani yangu wa kushoto. Biskuti zilinukia vizuri sana zilipopita mlango wangu."

Nyuma yangu Cody alipaza sauti. Lilimtoka tusi, mojawapo ya yale matusi ya kistaarabu ambayo mtu huyatumia akiwa karibu kulia.

"Nilidhani husikii," nikasema.

"Ungeuliza."

Nimewahi kupigwa na maisha mpaka nikayacheka, lakini kushikwa kosa mchana kweupe na mzee wa mahindi, hapo hata utani unakimbia.

"Ukingo umevunjika, ni kosa langu. Maji yanaingia kwenye zege. Najua ni zamu yako."

"Mahindi yamejikunja majani. Zamu nyingine ni wiki ijayo."

"Nayaona. Ukikataa ni haki yako, na lango halitaguswa. Nitauza tu nyumba, wanangu wameshanitafutia yenye lifti. Utapata jirani mwingine."

Akalipima hilo. "Mwenye mbwa."

"Pengine wawili."

"Kwenye huo uwanja wako, kuna mchezo wa mtu asiyekimbia?"

"Hakuna," nikasema, maana kumdanganya nisingeweza.

"Mistari ya kila mtu isipokuwa mimi." Aliyatazama mahindi yake. Kisha akachukua kitu kilichoegemezwa kwenye uzio wake: mti mrefu wenye turubai lililoning'inia, wa kuzibia mfereji. Akaanza kutembea. Mungu wangu, mwendo ule! Kobe angempita akamwombea dua.

Hakwenda langoni. Alisimama upande wa juu wa mahali palipovunjika, yanakotoka maji, karibu na miti yangu ya pichi, akalaza ule mti kuvuka mfereji, turubai likaanguka ndani. Maji yalivimba, yakalisukuma, yakaanza kuliinua.

"Wewe!" akamwita Trell. "Ingia! Kanyaga turubai katikati, siyo pembeni kama mgeni wa harusi!"

Trell akaruka na viatu vyake vya ofisini, akazama mpaka kwenye mapaja, akakanyaga. Ndugu Verlan akakata ukingo wa upande wangu kwa koleo, mara moja, mara mbili, na maji yakageuka yakaenda kwenye mizizi ya pichi.

"Zamu ni yangu," akatangaza kwa waliokuwepo. "Naipeleka ninapotaka."

Kona moja ilikuwa imeshaliwa. Cody aliichimbua, akaijaza upya kwa zege la lori la pili, akaipiga mwiko huku akiomba. Ilikauka na kibonde kidogo.

Mwezi Agosti uwanja ulikuwa na mistari ya rangi ya nne, kijani, kwa ule mchezo wa wazee wa kusukuma visahani kwa fimbo ndefu. Baada ya chakula cha mchana hakuna anayegusa mpira mpaka Ndugu Verlan aamke. Mahindi yake mwaka huu ni mafupi, na hakuna siku anayosahau kunikumbusha; nami simpelekei biskuti chache.

Jumamosi moja wajukuu walikuwa wamejaa uani kiasi kwamba nililisahau kabisa suala la intaneti. Mimi na Trell tulikuwa tunacheza, yeye kwenye upande wa kona. Kijimpira changu kikaangukia kibondeni, kikafa papo hapo.

"Si haki!" Trell akasema. "Kona hii lazima tuirekebishe mwakani."

Nikashusha kibao. "Mwakani?"

Alijifanya anafunga kamba za kiatu. "Cheza, Mama."

"Kasema mwakani," Ndugu Verlan akaita kutoka kwenye kiti chake. "Nimesikia."