Mpiga Zumari wa Thebai

Jumanne moja ya Februari 1992, saa nne asubuhi, Gasana, fundi viatu wa mtaa wa Biryogo, Kigali, alikuwa akigundisha soli ya buti la askari wakati Mgiriki aliyekufa alipoingia kutengenezewa mkanda wa mashavu. Mgiriki alikuwa na zumari mbili, na alizipuliza zote kwa pumzi moja. Bila mkanda wa ngozi kuzunguka kichwa, mashavu huchoka.

"Umekufa tangu lini, muzehe?" Gasana aliuliza, akimpima kwa uzi.

"Miaka elfu mbili na mia nne."

"Pole. Basi sikubani sana. Ngozi ya zamani iko inapasuka."

Mgiriki alikuwa amekuja kwa Viateur, mwalimu wa muziki. Viateur alisoma Ubelgiji mwaka mmoja. Huko aliambiwa kwamba watunzi wa kisasa, walipochoshwa na nyimbo tamutamu, walirudi kwa Wagiriki wa kale, kwenye kwaya ya watu kumi na tano wanaotembea kwa hatua moja na kumlilia mtu asiyezikwa. Naye akatunga wimbo kama huo kwa Kinyarwanda. Sehemu ya zumari aliiandika ingawa Kigali haikuwa na mpigaji. Aliiandika vizuri, ndiyo maana mpigaji alikuja.

Sauti ya kuongoza ilikuwa ya Mukandekezi, fundi cherehani. Hakuna mwingine aliyezifikia noti zile.

Alhamisi Viateur na wenzake walipeleka majina ya waimbaji kwenye ofisi ya serikali kuomba kibali. Karani alisoma kabila kwenye kila kitambulisho, akapiga hesabu.

"Mgao wa Watutsi ni kumi kwa mia. Kwa watu kumi na tano, mmoja na nusu. Mmoja mnaye, huyu wa besi. Nusu mtu haimbi."

Akalikata jina la Mukandekezi kwa mstari wa rula.

"Na huyu muzehe, kabila gani?"

"Mtu wa Thebai," alisema Mgiriki.

"Amekufa," Viateur aliongeza.

Karani alipekua kitabu chake. "Watu wa Thebai hawana mgao. Basi hawana kizuizi." Akagonga muhuri.

Mgiriki aliomba nafasi yake apewe Mukandekezi. Karani alisema muhuri umeshagongwa.

"Sawa," alisema Mukandekezi. "Angalau mmoja wetu ameingia."

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Mukandekezi alisimama nje ya uzio wa uwanja, karibu na mama muuza karanga. Zumari ya kulia ilipiga kama ilivyoandikwa. Ya kushoto ilitoa sauti ya Mukandekezi, pamoja na maneno, hata kile kikwazo kidogo cha pumzi kabla ya noti ya juu. Huko nje midomo yake ilikuwa imefumbwa, lakini mbavu zilipanda na kushuka, na jasho lilimtoka.

"Dada, unaimba vizuri," alisema muuza karanga.

"Asante."

Karani, safu ya mbele, alipiga makofi kuliko wote.

Baadaye Mukandekezi alimpa Mgiriki mikono miwili. "Murakoze, muzehe. Sikudhani nitausikia."

"Asante wewe," alisema. "Nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu."

Jumatatu Viateur aliandika barua, akiomba jina la Mukandekezi lirudishwe. Jibu lilifika wiki hiyohiyo. Lilisema onyesho lilifana bila yeye, kwa hiyo hakuna sababu.

Mukandekezi aliisoma akiwa kwenye cherehani. Alisema bado anaishukuru Jumapili ile, akauliza onyesho lijalo ni lini, na uzio utakuwa upande gani.