Leseni ya Kompyuta Hamsini

Maneno niliyasikia nikiwa nimeshika pasi. Nafanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma, na wateja wakija kuchukua nguo huongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza. Siku hiyo walikuja wasichana wawili wa kampuni ya kupokea simu za wateja, wale wa blauzi za zambarau, wakawa wanasubiri niwamalizie kola.

"Yule fundi wetu wa kompyuta kumbe mwizi," mmoja akasema. "Anauza leseni za kampuni mtaani."

"Yule mpole?"

"Hao wapole ndio wenyewe. Meneja kasema leo hatoki mpaka aeleze."

Kampuni ile ina fundi wa kompyuta mmoja tu, na mimi ndiye niliyemzaa. Nyumbani tunamwita Babu, maana alizaliwa na kipara akakaa nacho mpaka majirani wakaanza kutuonea huruma. Nikamaliza kola. Nikawakunjia blauzi zao, nikawaambia karibuni tena.

Ningeyaacha yapite kama yanavyopita mengine, lakini kulikuwa na godoro. Siku si nyingi Babu alikuwa ameniletea godoro jipya, zito, la watu wenye mgongo mbovu kama wangu. Nilipomuuliza amelipata wapi, akasema, "Mama, wewe lala tu." Nikalala. Sasa yale maneno ya wasichana yakawa yananizunguka kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua: ukimfukuza huku, anatokea huku. Nikampigia simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikakumbuka sijameza dawa yangu ya presha tangu asubuhi. Nikaimeza, nikanywa maji mengi juu yake, nikavua aproni, nikaondoka.

Nawaandikia ninyi wenye watoto wanaofanya kazi za kompyuta, hasa mlioishia shule ya msingi kama mimi, mnaodhani kazi ya kukaa kitini kwenye ubaridi haina hatari.

Getini mlinzi akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba.

"Mama, hapa hatununui kitu."

"Siuzi kitu. Nimemfuata mwanangu, fundi wa kompyuta."

Sura yake ikabadilika. "Yule mwenye kesi?"

"Kesi gani?"

"Mimi nalinda geti, mama. Kesi ziko ghorofani."

Akanipandisha mwenyewe. Mlango wa juu hauna ufunguo wala kitasa cha kuzungusha. Una kijisanduku ukutani chenye taa nyekundu. Mlinzi akagusisha kadi yake, taa ikawa ya kijani, akanisogeza ndani kwa adabu, mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikageuka, nikaona hata upande wa ndani kuna kijisanduku hicho hicho. Kumbe kutoka nako ni kwa kadi.

Chumba hakina dirisha hata moja. Baridi ya mashine inakupiga masikioni. Kompyuta zimepangwa mistari kama madawati, thelathini kwa jumla, viti vitupu, wapokea simu wameshatoka zamu. Nyingi zilikuwa na picha ya zambarau yenye jina la kampuni, lakini za mstari wa mwisho zilikuwa nyeusi tii, na pembeni chini kuna maandishi madogo. Mwanangu alikuwa amekaa hapo kwenye zile nyeusi. Meneja alikuwa amekalia ukingo wa meza yake, kadi inaning'inia shingoni.

"Mama," Babu akasema, akasimama. "Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Karibu sana, mama," meneja akasema. Kijana mzuri, kanyoa vizuri, sauti kama ya mtangazaji. "Umekuja wakati mzuri. Labda wewe atakusikiliza."

"Simu yake mbona haipatikani?"

"Ninayo mimi, asisumbuliwe." Akaipapasa mfukoni.

Nikavutiwa kiti. Meneja akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu kiziwi. Kampuni ilinunua namba ya leseni ya programu, ya kuidhinisha kompyuta hamsini. Wao wanazo thelathini. Lakini hizi kumi za mwisho zinakataa, zinasema namba imekwisha. "Sasa mama, hamsini toa zile zinazofanya kazi, ishirini. Zimebaki thelathini, na mimi nahitaji kumi tu. Zimekwenda wapi? Kesho mteja wetu mkubwa anakuja kukagua, na hataki kuona kompyuta isiyo na leseni. Namuuliza mwanao kaziuza kwa nani. Ni swali gumu hilo?"

"Hazijauzwa, bosi," Babu akasema. Nilijua kwa sauti yake kwamba ameshasema hivyo mara nyingi. Akanigeukia. "Mama, mafundi cherehani wanaposhona sare za shule, si wanakata kielelezo kimoja halafu zote zinafuata? Na mimi nafanya hivyo. Naandaa mashine moja, tunaiita mashine mama, naweka kila kitu, halafu nainakili kwenye nyingine zote. Namba ya leseni nikaiweka humo humo kwenye mashine mama. Basi kila nakala ikiwaka tu, inapiga hodi kwa wenye programu, inaidhinishwa. Thelathini zote ziliidhinishwa vizuri."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Picha ya nyuma ilikuwa ya bluu. Bosi akasema anataka zambarau."

"Rangi ya kampuni ni zambarau," meneja akasema.

"Nikabadilisha kwenye mashine mama, nikazinakili upya zote, maana ndiyo njia ya haraka. Zikapiga hodi tena. Wenye programu wakazihesabu kama kompyuta mpya. Thelathini za kwanza, na ishirini za pili. Ndiyo hamsini. Kumi zikakosa."

Meneja akacheka, si kwa ubaya. "Umesikia, mama? Kompyuta ni ile ile, iko meza ile ile, eti imehesabiwa mara mbili. Wewe ungeamini?"

Na mimi sikujua. Nilisogeza kiti karibu na mwanangu nikamnong'oneza, "Babu, lile godoro?"

Akanigeukia. Uso aliouweka sijauona tangu alipokuwa mdogo, siku nilipompiga kwa kosa la mwenzake.

"Nilimtengenezea mwenye duka kompyuta zake, akanipa godoro. Sikukwambia kwa sababu ungesema najichosha."

Na ni kweli ningesema hivyo.

Meneja akasukuma karatasi mezani. Ilikwishapigwa chapa, imebaki sahihi tu. Ilisema kwamba yeye fundi anakiri kutoa leseni za kampuni nje bila ruhusa. "Asaini, nimpelekee mkurugenzi, tununue namba nyingine, yaishe. Simfukuzi kazi. Nimeshamwambia simfukuzi."

"Nimewaandikia wenye programu," Babu akasema. "Wamejibu watapiga simu ya mezani leo leo. Wao wanaona kila kompyuta iliyopiga hodi. Tusubiri tu, bosi."

"Tangu asubuhi tunasubiri."

"Tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Simu ya mezani ilikuwa palepale, nyeusi, kimya. Na mimi, ndugu zangu, ile dawa ya presha ilianza kazi yake. Wanaoimeza wananielewa. Inakukamua maji kama nguo. Kwanza nikakunja miguu. Halafu nikakunjua, nikakunja upande wa pili. Ile baridi ikazidisha. Nikajitahidi kusoma maandishi ya pembeni ya kompyuta nyeusi, nikahesabu vigae vya sakafu, wapi.

"Naomba kutoka kidogo," nikasema.

"Kwenda wapi, mama?"

Mtu mzima unaulizwa hivyo mbele ya mwanao. "Kujisaidia."

"Tukimaliza hapa tunatoka wote," akasema kwa sauti ile ile ya redio. "Ni sahihi moja tu. Mwanao ndiye anayetuchelewesha."

Nikainuka hata hivyo, nikaenda mlangoni. Nikasukuma. Nikavuta. Ile taa nyekundu ilinitazama tu. Nikapiga kioo cha mlango kwa kiganja, lakini ukumbi ulikuwa mtupu, mlinzi alisharudi getini kwake. Nikaona kuta zimesogea. Nikarudi kukaa, maana kusimama kulikuwa hatari zaidi, nikabana mkoba tumboni, nikaomba Mungu anihifadhi nisiaibike juu ya kiti cha watu.

Babu hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu yangu, jinsi ilivyokuwa inatetemeka.

"Lete kalamu," akasema.

"Babu, ngoja," nikamwambia. "Naweza kuvumilia."

"Huwezi, mama."

Akasaini bila kusoma. Meneja akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akanishika mkono kama mkwe mwema, akanipeleka mpaka mlangoni. Kadi, taa ya kijani. "Choo kile pale kulia, mama. Pole sana."

Nilikuwa bado chooni niliposikia simu inaita upande wa pili wa ukuta.

Niliporudi, mlango ulikuwa umezuiwa kwa kiti usijifunge. Simu walikuwa wameiweka sauti ya nje, na mwanamke alikuwa anaongea, haraka haraka, kama mtu mwenye wengine wanaosubiri.

"Kompyuta zenu ni ngapi, kaka?"

"Thelathini."

"Mmezinakili mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili ikaishia ya ishirini."

"Basi ndiyo hesabu yenyewe. Ukifuta na kunakili upya, huku kwetu ni kompyuta nyingine."

"Dada," Babu akasema, "kuna hata moja iliyoomba kutoka nje ya ofisi hii?"

"Hapana. Zote hamsini zimetoka kwenye laini yenu hiyo hiyo. Nawaongezea sasa hivi. Ila siku nyingine namba usiitie kwenye mashine mama. Nakili kwanza, rekebisha mpaka mridhike, rangi zenu na kila kitu, namba uitie mwisho kabisa."

"Nimeelewa, dada. Asante."

Babu akapita kwenye mstari wa mwisho, akagusa moja baada ya nyingine. Yale maandishi ya pembeni yakaondoka na zambarau ikarudi. Meneja alifurahi kweli. Alimpiga mwanangu bega, akasema, "Si nilikwambia utaweza?"

"Bosi, ile karatasi."

"Karatasi gani?" Akagusa mfuko wa shati. "Ah, hiyo ni mambo ya ndani tu. Haina neno. Mpeleke mama akapumzike."

"Nipe niichane."

"Nitaichana mwenyewe."

Hakuichana. Baadaye hospitali moja ilimwita Babu, kazi nzuri, karibu na nyumbani, na walimwahidi msaidizi. Akapeleka barua ya kuacha kazi. Meneja akavuta droo. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alimuuliza tu, "Wakinipigia hao wa hospitali kuuliza habari zako, mimi nitasema nini? Mimi sijui kutunga. Nitawasomea ulichoandika." Babu akairudisha barua yake mfukoni.

Mpaka leo yuko kwenye chumba kile kisicho na dirisha. Siku za mapumziko anaitwa, anakwenda. Wenzake wamepandishwa, yeye anasubiri. Nimemwambia twende kwa wanaojua sheria. Anasema kuna sahihi yake, atakataaje mkono wake mwenyewe. Wale wasichana wa blauzi waliendelea kuleta nguo, na kuendelea kumwita mwizi, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo. Nilipowaambia mimi ni mama yake, walichukua nguo zao, wakahamia kwa dobi mwingine.

Hajawahi kunilaumu. Akirudi anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani kwake.

Kwa hiyo yashikeni haya:

Usitie namba ya leseni kwenye mashine mama kabla kazi yote ya kunakili haijaisha.

Usinakili kompyuta zote upya kwa ajili ya rangi au picha. Badilisha palepale, hata kama inachosha.

Usikubali agizo la mdomo. Bosi akitaka kurudia kazi, aandike.

Usimpe mtu simu yako akutunzie.

Usiingie chumba ambacho kutoka kwake kunategemea kadi ya mwingine.

Usimuulize mtoto habari za maneno ya watu mbele ya anayemshtaki.

Usimfuate mtoto kazini. Mtumie ujumbe, msubiri nyumbani.

Usisaini karatasi iliyoandikwa na mwingine, hata ukiambiwa ni ya ndani, hata kama mama yako amebanwa.