Gauni la Mbele Tu

Hakuna aliye hai anayekijua kisa hiki kuliko huyu anayekiandika. Kweli, siku yenyewe alikuwa kwake anauguza jino, na nusu ya mambo aliyapata kwa jirani mwenye mdomo mpana kuliko mlango wa kanisa. Lakini ya chumbani aliyapata kwa Bibi mwenyewe, na Bibi alikuwa amelala chali mwaka mzima. Mtu aliyelala chali huona dari tu, na dari haijui kupamba maneno.

Bibi alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Alimfundisha mkazamwana wake kazi hiyo, akianzia na namna ya kushika mkasi, halafu akamwachia cherehani, meza ya kukatia na wateja. Kisha akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, akamwachia na mwili wake. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, akasema mama atakaa hapa. Binti yake, mpishi wa shule ya bweni, akasema mama aje kwangu. Wakavutana kwenye simu kama watu wanaogombania godoro, mpaka kaka akakata shauri.

"Mama atatoka kwangu siku nitakayosikia hatunzwi. Na nani ana kinywa cha kusema mke wangu hamtunzi?"

Kweli, nani? Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Neno. Akina mama wa kanisa walikusanyika sebuleni kwake kila wiki kutiwa moyo, na maneno yake yalipita ukutani mpaka kitandani kwa Bibi bila kubisha hodi.

"Wokovu si nguo ya Jumapili, wapendwa! Imani yako ikae kwenye sufuria, ikae kwenye ndoo, ikae kwenye ulimi unapomjibu mumeo. Usimtafute Yesu mawinguni, yuko hapo kwako, ana njaa, anasubiri umpe chakula."

Yalikuwa maneno mazuri, tusimnyime haki yake. Tena yalifanya kazi. Muuza maziwa aliacha kutia maji kwenye maziwa. Mke wa kinyozi alikwenda kumwomba radhi jirani aliyemtukana, akarudi analia kwa furaha. Mtaa mzima ulinona kwa chakula cha Mama Neno. Waliolala na njaa ni yeye mwenyewe aliyekipika, na yule mzee wa chumba cha pili.

Bibi alipoomba maji, Mama Neno aliweka kikombe dirishani, mahali ambapo mkono haufiki.

"Jinyooshe, mama. Imani huhamisha milima, itashindwa kikombe?"

"Mimi sina kiu ya mlima, mwanangu."

"Basi huna imani." Akarudi kwenye cherehani yake, akiimba pambio.

Mara moja Bibi alimwambia mwanawe kwenye simu. Mwana akamuuliza mkewe, mke akalia machozi ya kujaza beseni, mambo yakaisha. Halafu mlango wa chumba ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, shuka ilikuwa imegandana na mgongo wa Bibi, na akina mama sebuleni walikuwa wameshaambiwa: "Tumwombee mama mkwe wangu, akili zimeanza kumtoka. Ananisingizia mambo, maskini, wala simlaumu." Wakaomba kwa sauti kubwa. Tangu hapo, Bibi akisema anaumwa, huo ni ugonjwa wa akili. Akisema ana njaa, ni huo huo. Akinyamaza, ameponywa, asifiwe Bwana.

Akachagua kuponywa. Lakini moyoni alitaka kitu kimoja tu: kubebwa na binti yake, atoke mlango ule akiwa hai.

Sasa, umoja wa wale akina mama ulikuwa na desturi yake. Anayetaka kiti cha kufundisha kanisa zima hapigiwi kura kanisani, maana kanisani kila mtu ni malaika. Hupigiwa nyumbani kwake, mbele ya mgonjwa au mzee ambaye yeye ndiye mtunzaji wake. Mama Neno alikitaka kiti hicho kama paka anavyotaka samaki. Jumamosi ya kura ilipofika, akaingia chumbani asubuhi, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Inua kidevu, mama."

"Leo nimekuwa mteja?"

"Leo unapendeza."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la majeneza, na Mama Neno ndiye aliyewashonea wenye duka magauni ya kuvalisha maiti. Magauni hayo hukatwa mbele tu: kola, vifungo, lesi kifuani, mikono ya kuchomeka. Nyuma hakuna kitu, maana marehemu hageuzwi, na wanaomuaga hawachungulii. Bibi mwenyewe alikuwa ameyashona mengi. Cherehani iliponyamaza na nguo ikaletwa, alihitaji kuitazama mara moja tu.

"Mwanangu, hili halina mgongo."

"Nani atakutazama mgongo? Malaika?"

"Nilidhani hao ndio unaowahubiria."

Mama Neno alicheka, maana alipenda utani akiwa na haraka. Akalitandaza gauni juu ya kile kigauni cha kulalia kilicholowa tangu juzi, akachomeka mikono, akasukumia kingo chini ya mbavu kama mtu anayetandika kitanda. Bibi akauma meno. Kisha ikaja poda, ikaja marashi, chupa nzima ikamwagwa kwenye shuka.

"Ukifungua mdomo," Mama Neno alimnong'oneza, akimfunga kifungo cha shingoni kwa upole, "nitawaambia akili zimehama kabisa. Nimeshawaambia. Leo nitawakumbusha tu."

Akina mama wakaja wakiimba tangu getini. Mbele alikuwa Mama Mchungaji, mwanamke mnene mpole asiyependa ugomvi. Nyuma yao, na Mama Neno hakumtarajia, akaja wifi yake, yule mpishi, ambaye aliomba ruhusa kazini aliposikia habari za kura. Bibi aliposikia hatua zake mlangoni alifumba macho, asije akalia mapema.

"Jamani, tazameni kola hiyo!"

"Mama mkwe kama bibi harusi!"

"Mimi wa kwangu namvalisha kitenge kimoja wiki nzima, Mungu anisamehe!"

Mama Neno akasimama kichwani kwa kitanda, mkono mmoja juu ya paji la Bibi. "Wapendwa, sina la kujisifia. Kila asubuhi kabla sijagusa cherehani, namgeuza huyu mama, namwogesha, nampaka mafuta mgongoni. Namwambia, mama, wewe ndiye madhabahu yangu."

Muuza maziwa akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mama Mchungaji akainama. "Bibi, unatunzwa?"

Bibi akamtazama Mama Neno, kisha akamtazama binti yake. Angesema hapana, wangeomba kwa sauti kubwa.

"Nimetunzwa vizuri mno, mama," akasema. "Mpaka nimechoka kuwa peke yangu. Naomba mnitoe nikae nanyi sebuleni, nami nisikie neno."

"Aah, ombi zuri!" wakaitikia.

"Haiwezekani," Mama Neno akasema haraka. "Daktari amekataza asitikiswe."

"Daktari gani, wifi?" Binti alikuwa ameshapandisha mikono ya blauzi. "Mimi nabeba sufuria za uji za shule nzima. Mama yangu nitamtikisa wapi, na alivyobaki mifupa?"

"Wifi, nakuomba kwa jina la..."

Lakini binti alikuwa ameshapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine chini ya mabega. Akainua. Gauni halikuinuka naye sawasawa. Liliteleza likaning'inia mbele kama aproni, mgongo ukabaki mbele ya macho ya kanisa zima. Shuka iliinuka pia, kwa sababu ilikuwa imeshika. Ilipobanduka, ilibanduka na ngozi. Bibi alitoa sauti ndogo, kama ya kitambaa kinachochanwa. Harufu ikayashinda marashi. Mke wa kinyozi akatoka mbio, wakamsikia anatapika uani.

Binti alimkumbatia mama yake hivyo hivyo.

"Msishtuke!" Mama Neno alipaza sauti, na mkasi ulikuwa tayari mkononi, sijui aliutoa wapi. "Msishtuke, wapendwa. Lilikuwa gauni zima. Nimelichana mgongoni sasa hivi, mlipokuwa mnaimba getini, kwa mkasi huu huu. Nilimwona anajikunja, nikasema vidonda vipate hewa. Vimetokea juzi tu, mnajua wazee. Na huo unyevu ni wa sasa hivi, ameshtuka kwa kuinuliwa. Wifi, umemuumiza mama!"

Na hapo, usiwacheke, wale akina mama walishusha pumzi. Walitaka iwe kweli. Kama Mama Neno ni mwongo, basi yule jirani aliombwa radhi kwa neno la nani? Maziwa yaliachwa kutiwa maji kwa ajili ya nani?

"Ni kweli, vidonda vinataka hewa," Mama Mchungaji akasema taratibu.

"Mama yangu anaoza!" binti akapiga kelele.

"Ana wivu na mimi tangu siku ya harusi," Mama Neno akawaeleza wenzake kwa huruma.

"Nyamazeni kidogo," Bibi akasema, kutoka kifuani kwa binti yake. Hakutaja njaa wala kikombe. Alinyoosha mkono wake mkavu, akalishika gauni pale lilipokuwa wazi mgongoni, akaelekeza ukingo kwa Mama Mchungaji. "Neno nililopewa ni dogo, mama. Imani ya mtu ipapase kwa upande wa nyuma. Hebu papasa hapa."

Mama Mchungaji akapapasa. Kidole chake kikatoka shingoni kikashuka polepole mpaka chini, kikahamia upande wa pili, kikapanda.

"Ni nini hiki?"

"Pindo. Limekunjwa mara mbili, limeshonwa, limepigwa pasi. Pande zote mbili. Nilimfundisha mimi, na alikuwa mwanafunzi mzuri, haachi ukingo mbichi, usiopindwa, hata kwa maiti."

Muuza maziwa alisogea, akapapasa naye. Kisha mwingine.

"Dada," Mama Mchungaji akasema, bila kuliachia gauni, "umelichana sasa hivi, tulipokuwa getini?"

Mama Neno aliutazama mkasi mkononi mwake, kisha akautazama ule ukingo, ulionyooka kama mstari wa rula.

"Ndiyo, mama," akasema. "Sasa hivi tu."