Kikohozi cha Mtoto wa Jirani

"Mtoto wangu hana hata mafua! Umemkohoza kwa idhini ya nani?"

"Ya baba yake. Na mwenyewe nilimuuliza, akakubali. Wewe ulikuwa zamu."

"Kwa hiyo mimi nikiwa zamu, mtoto anakuwa wako?"

"Mwenzangu, punguza sauti. Majirani wanasikia."

Tulikuwa tunasikia, tena vizuri. Ukumbi mzima wa ghorofa tulishatoka, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine kajifunga taulo, anajifanya anatafuta paka ambaye hajawahi kumfuga. Madaktari hawagombani kila siku, na wakigombana, hata matusi yao yamepigwa pasi. Huwezi kukaa ndani ukayakosa.

Aliyesimama nje ya mlango, begi bado begani na viatu vya wodini miguuni, tunamwita Mama Moyo, kwa kuwa ndiye bingwa wa mioyo ya watoto pale hospitalini. Aliyejaa mlangoni na mwiko mkononi ni Mama Kikohozi, bingwa wa vifua. Walihamia jengo letu mwaka uleule na ukuta wao ni mmoja. Asubuhi wanafanya kazi kwenye hospitali moja ya watoto, jioni wanasikiana maji yakimwagika bafuni.

"Mgonjwa ningeelewa," Mama Moyo akaendelea. "Mzima wa nini?"

"We si daktari? Wagonjwa ninao wodi nzima. Wazima ndio shida. Bila kikohozi cha mzima, cha mgonjwa nitakilinganisha na nini?"

Hapo Mama Moyo akahamisha begi bega la pili, maana jambo hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi.

Kila mmoja alikuwa na utafiti wake. Mama Kikohozi alikuwa anarekodi kukohoa kwa watoto, ili siku moja simu iliyoko kwenye zahanati ya mbali iweze kutofautisha nimonia na mafua ya kupita. Mama Moyo alikuwa anasikiliza mioyo ya watoto waliougua koo mara kwa mara, kwa sababu homa ya koo ikipuuzwa hurudi ikaharibu valvu za moyo kimyakimya. Mioyo iliyougua alikuwa nayo. Mizima hakuwa nayo. Na mtoto wake mwenyewe, Kidoti, hakuruhusiwa kumtumia. Mtafiti haingizi damu yake kwenye utafiti wake.

Sasa hospitali ina chumba kimoja tu kisichoingia kelele, kina milango miwili na sponji ukutani. Wote wawili walikuwa wanakitaka. Jumatatu kikao cha utafiti kingeamua nani akichukue, na kila mtu alijua asiye na watoto wazima atarudi mikono mitupu.

Mama Moyo alikuwa amejaribu. Alibandika tangazo mlangoni pa jengo letu, lenye muhuri na mchoro wa moyo. Watoto wakauchorea moyo masharubu, na hakwenda mtu. Lakini ng'ambo ya ukuta, kila jioni, walikuwa wamejipanga mstari kwa Mama Kikohozi wakikohoa kwa zamu, kisha anawarudishia sauti zao, nao wanacheka mpaka wanakohoa tena bila kuombwa.

Muuguzi wa wodi ya Mama Moyo anakaa chumba cha chini, na habari za kule yeye ndiye redio yetu. Anasema Mama Moyo alimuuliza, "Anawapa nini wale watoto? Pipi?"

"Hawapi kitu, dokta. Anawasikilizisha."

"Hata mimi nasikiliza!"

"Wewe unasikiliza, dokta. Yeye anawasikilizisha."

Siku hiyo Mama Moyo alifunga droo kwa nguvu hadi mpini ukabaki mkononi.

Na lililomchoma zaidi halikuwa chumba. Kila akirudi kazini nyumba ni tupu. Kidoti yuko kwa jirani. Anajua vijiko vya jirani vinakaa wapi, anajua mlango wa kabati unaokwama. Kwao ukimuuliza chumvi ilipo, hajui. Basi Mama Moyo huugonga ukuta kwa ngumi na kuita, "Kidoti! Huna kwenu wewe? Rudi!" Tumeizoea sauti hiyo, tunawashia nayo majiko.

Baada ya ugomvi ule wa ukumbini, aliondoka na jambo kichwani. Kwenye kikao chao wana desturi kwamba kabla utafiti haujapitishwa, bingwa mwenzako anaruhusiwa kuupekua mbele ya wote. Jumatatu Mama Moyo akanyoosha mkono kabla profesa anayeongoza kikao hajamaliza kukaa.

"Naomba tusikilize sauti alizorekodi mwenzangu," akasema. "Zimerekodiwa sebuleni. Jikoni kunakaangwa, mlango unafunguliwa. Huo ni utafiti au ni sherehe?"

Muuguzi, aliyekuwa anapanga viti nyuma, anasema Mama Kikohozi hakubisha. Alichomeka mashine kwenye spika.

Wa kwanza akawa Kidoti. Akakohoa kikohozi kikavu cha kuigiza, kikafuatiwa na kicheko. Halafu, nyuma ya kicheko, du! du! du! ukutani, na sauti ya mwanamke: "Kidoti! Huna kwenu wewe?"

Akawekwa mtoto mwingine. Kikohozi, kisha du! du! "Rudi!" Wa tatu vilevile. Kila mtoto mzima wa jengo letu alikuwa amekohoa juu ya sauti ya Mama Moyo.

Profesa akavua miwani. "Huyu mwanamke ni nani?"

Mama Kikohozi alikuwa anaangalia kucha zake. "Jirani," akasema. "Ana mtoto anampenda sana."

Mama Moyo alitamani sakafu ipasuke. Lakini alikuwa ameshinda, si ndiyo? Sauti zilikuwa chafu, kila mtu kazisikia. Akangoja.

"Mwenzetu ana haki," profesa akasema. "Hizi hazifai, inabidi zirudiwe zote. Na zirudiwe pasipo na kelele." Akamgeukia Mama Kikohozi. "Chukua chumba. Na hao watoto uwalete wote."

Kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa ngumi yake mwenyewe, Mama Moyo alikuwa amempa jirani chumba.

Jioni hiyo hakugonga ukuta. Sisi majirani tulishangaa, mmoja akauliza kama kuna msiba. Tukamwona kasimama tena mlangoni kwa Mama Kikohozi, safari hii na stethoskopu shingoni, nadhani alisahau kuivua. Ndani sahani zilikuwa zinagongana na watoto wanagombania benchi.

Mama Kikohozi akafungua. Hawakusalimiana.

"Hao watoto," Mama Moyo akaanza, macho kwenye kizingiti, "wakija kwenye chumba... mioyo yao wanakuja nayo au wanaiacha nyumbani?"

"Wanakuja nayo."

"Basi."

"Basi nini? Sema kama mtu anayeomba, mwenzangu. Mimi leo nimechoka kubashiri."

Mama Moyo akaikamata stethoskopu kwa mikono miwili. "Naomba. Ukimaliza kuwakohoza, niwasikilize na mimi. Wazazi nitawaomba mwenyewe."

"Nao utawapa sikio? Wasikie mapigo yao?"

"Nitawapa."

Mama Kikohozi akamtazama, mwiko ukidondosha mchuzi kwenye kanga yake. Kabla hajajibu, Kidoti akapenya chini ya mkono wake, sahani kifuani. Akamtazama mama yake kuanzia stethoskopu hadi viatu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyechelewa, na Mama Moyo akahisi ule wivu ukimpanda tena kifuani, uleule, haujapungua hata kidogo.

"Mama, mbona unasimama nje kama mgeni?" Kidoti akasema, akisogea kumpisha. "Vua viatu. Ingia, tunakula."